Mafungu Kwenye Boriti ya Bibi

Kutoka Urambo mpaka kwa bibi ilituchukua siku nne, na katika siku zote hizo mama hakuniambia kwamba kwake yeye safari ile ilikuwa ya kwenda na kurudi, na kwangu ilikuwa ya kwenda tu. Tulipanda treni tukiwa na mabegi mawili, sufuria iliyofungwa ndani ya shuka, na kuku mmoja ambaye alikufa kabla hatujafika Dodoma. Namkumbuka yule kuku kuliko ninavyoikumbuka Dodoma. Mama alimwinua kichwa, kikaanguka, akasema, "Basi," akamtupa nje kupitia dirishani. Nilikaa nikiitazama mikono yake, nikijiuliza ni vitu gani vingine anaweza kuvisemea "basi".

Treni ilitushusha Morogoro alfajiri. Tukaenda Mwembesongo kwa rafiki yake wa tangu usichana, mwanamke mnene mchangamfu aliyeuza maandazi barazani kwake. Alinipa maandazi matatu bila mama kumwomba, akanipapasa kichwa, akasema, "Pole, baba." Nilikula yote matatu nikijiuliza pole ya nini. Tangu siku ile, mtu mzima akinipa kitu kizuri bila sababu, mimi huanza kutazama mabegi yako wapi.

Kesho yake tulidandia gari la mizigo mpaka barabara ilipoishia, kisha tukaendelea kwa miguu. Ukiwa mjini unaiona milima ya Uluguru kama ukuta mmoja. Ukianza kuipanda ndipo unagundua kuwa nyuma ya kila mlima kuna mwingine uliokuwa umejificha. Wanawake walikuwa wakishuka na matenga ya karoti na kabichi vichwani, karibu wanakimbia, na mama alimsalimia kila mmoja kwa Kiluguru. Sikuwahi kumsikia akisema lugha ile. Kumbe alikuwa na maneno ambayo hakuwahi kuyatumia nyumbani kwetu, na kadiri tulivyopanda ndivyo yalivyozidi kumtoka, na mimi nikazidi kuushika upindo wa kanga yake.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, chini kidogo ya misheni. Kabla ya bibi mwenyewe, ilinipokea harufu. Urambo baba yangu alikuwa mchomaji wa tumbaku. Kazi yake ilikuwa kulisha moto kwenye bani, lile jengo refu la udongo ambamo majani ya tumbaku hukaushwa, na nilikulia miguuni pake pale mdomoni mwa moto, mpaka alipopata mwanamke mwingine na mama akafunga mabegi. Kwa hiyo nilipoingia kwa bibi na kuona majani makavu yananing'inia kwenye boriti, vichwa chini, sikuwa na shaka nimeona nini.

"Kumbe na nyie mnalima tumbaku," nilisema, hata shikamoo sijatoa.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Yusta, mwanao ananiita mvuta sigara! Njoo hapa, mume wangu. Kwanza salamu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, nusa."

Alivunja jani moja chini ya pua yangu. Lilikuwa mnanaa, ingawa jina lake nililijua baadaye. Puani niliingiwa na baridi, kama mtu amenifungulia mlango ndani ya kichwa.

Nayaandika haya kwa sababu ya simu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa Tunduma, ambako nina mwezi wa tatu kwenye chumba cha kupanga. Kabla ya hapo nilikuwa Makambako, na kabla ya Makambako nilikuwa Chunya, na huko nyuma sina haja ya kuwachosha. Mama mdogo Koleta alinipigia, nyuma yake nasikia nyundo na watu wakipokezana mabati.

"Deo, tunaiezua nyumba ya bibi yako. Mbao zimeliwa na mchwa. Fundi anauliza ile boriti ya kati aikate au aiache, maana ina misumari sita. Wangu naujua. Wako ni upi?"

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba karibu kila nyumba ilikuwa na kichaka chake cha mchaichai, pale maji ya kunawia yanapomwagwa. Unakata majani mawili matatu, unatia kwenye birika, umemaliza. Kwa bibi haikuwa rahisi hivyo. Alikuwa na matuta matatu nyuma ya nyumba: mchaichai, mnanaa na kivumbasi, na pembeni mti mmoja wa rozimari uliotoka kwenye bustani ya masista. Alivuna asubuhi, umande ukishapanda lakini jua halijawa kali. Alifunga vifungu vyembamba kwa uzi, vya unene wa kifundo cha mkono wangu, kwa sababu fungu nene huozea katikati huku nje likionekana zima. Kisha alivitundika ndani, kwenye kivuli, madirisha mawili wazi ili upepo upite. Juani hapana kabisa. "Jua ni mwizi," alisema. "Linakukaushia haraka, lakini linaondoka na harufu. Unabaki na nyasi."

Kwangu mimi mtoto wa bani, hili lilikuwa jambo geni. Nilijua majani hukaushwa kwa moto mkali, watu wakipiga kelele na kutokwa jasho. Hapa majani yalikauka bila mtu kuyafanya chochote. Ulisubiri tu, na kusubiri ndicho kitu nilichokuwa sikiwezi.

Mavuno ya kwanza ya kiangazi yaliingia kwenye debe la bati lenye mfuniko wa kubana, yakawa ya nyumba kwa mwaka mzima. Bibi alikuwa na kifua kibovu, na baridi ya milimani ikianza, debe lile ndilo lililomwinua kitandani asubuhi: majani kwenye sufuria, maji ya moto, kanga juu ya kichwa, anavuta mvuke. Mavuno ya pili, yale machipukizi laini yanayoota baada ya kukata, hayakuingia debeni kamwe. Yalikuwa ya watoto wake walioko mbali. Kila mmoja alikuwa na msumari wake kwenye boriti ya kati, na kwenye msumari alikuwa na kitambaa chake, kipande kilichochanwa kwenye nguo aliyoiacha nyumbani. Fungu lilining'inizwa kwa kitambaa hicho. Mwenyewe akija kusalimia alichukua fungu lake, na kitambaa kikabaki msumarini kusubiri jipya.

Misumari ilikuwa mitano. Miwili ya wajomba, mmoja wa mama mdogo Koleta aliyekuwa Dar es Salaam, wa nne wa mama yangu, wenye kipande cha kanga nyekundu. Wa tano ulikuwa mtupu, hauna fungu wala kitambaa.

Aliyenieleza habari ya msumari wa tano ni Kalisti, mtoto wa mama mkubwa aliyekaa nyumba ya jirani. Alinizidi miaka mitatu na hakuacha siku moja ipite bila kunikumbusha.

"Ule wa Bernadeta, dada wa mama zetu," alisema. "Alikufa. Mtu akifa kitambaa kinatolewa. We Mnyamwezi hujui hata kitu kama hicho?"

"Nani anakitoa?"

"Bibi. Nani mwingine?"

Mama alikaa siku nne. Siku ya tano alifunga begi moja badala ya mawili. Alikuwa anakwenda Dakawa, alisema, kwenye mashamba ya mpunga. Kulikuwa na kazi ya kupandikiza na mwenyewe angepata kijaruba chake. Bibi alipanda kwenye kigoda ili amshushie fungu lake, mama akamzuia.

"Liache, mama. Nitalichukua nikija kumchukua mtoto. Nikivuna tu."

Nilishika neno hilo kama mtu anavyoshika tiketi. Fungu liko msumarini, kwa hiyo mama anakuja. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilikwenda chini ya boriti kuhakikisha kipo kile kipande chekundu. Nilijifunza kujua saa kwa jinsi mwanga wa dirishani ulivyokigusa. Kukiwa na upepo, majani yalisuguana na kutoa mlio mdogo kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili, na mimi nikageuka kila mara.

Masika yalipita. Wajomba walikuja Pasaka wakachukua mafungu yao. Mama mdogo Koleta alikuja akiwa na viatu vya kisigino, akaviua vyote viwili kwenye ule mlima, akachukua lake na kushuka kwa ndala za bibi. Vitambaa vyao vikabaki. La mama likabaki zima.

Kisha ukaja wakati wa kuvuna mpunga. Nilijua kwa sababu niliwauliza wanawake waliotoka sokoni mjini, mmoja mmoja, mpaka wakaanza kucheka waliponiona.

"Shikamoo, mama. Dakawa wameshavuna?"

"Marahaba. Wanavuna, baba. Wanavuna."

Mmoja alisema amemwona mama pale stendi ya Msamvu, mjini, akipanda gari. Mwingine akasema huyo si yeye, huyo aliyeonekana alikuwa amenenepa. Niliwasikiliza wakibishana kuhusu unene wa mama yangu kana kwamba sipo. Nilirudi nyumbani nikamuuliza bibi kama mtu akinenepa ni mgonjwa. Bibi aliacha kupepeta. Alinitazama kidogo, akasema, "Inategemea," akaendelea kupepeta kwa nguvu zaidi.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Nilitoka kuchota maji, na niliporudi nikapita chini ya boriti kama kawaida yangu. Msumari wa mama ulikuwa mtupu. Fungu hakuna, kitambaa hakuna. Nilihesabu misumari tangu mwanzo nikidhani nimekosea. Sasa ilikuwa miwili iliyo sawasawa, wa Bernadeta na wa mama.

Niliweka ndoo chini. Nje nilimwona bibi anatoka upande wa jaani, mikono mitupu, anajipangusa kwenye kanga. Alipita karibu yangu, macho mekundu. Sasa najua kwamba macho yake yalikuwa mekundu kila asubuhi kwa sababu ya moshi. Siku ile sikujua chochote isipokuwa alichoniambia Kalisti.

Mtu angeweza kuuliza tu. Watu wazima huwa wananiambia hivyo ninapowasimulia. Lakini nilijua kwamba nikiuliza nitajibiwa, na jibu likishatoka mdomoni mwa bibi halitarudi. Bila kuuliza, mama alikuwa bado katikati. Si mzima, si maiti. Nikaamua kumweka hapo hapo katikati kwa muda wote nitakaoweza.

Bibi alipokwenda shambani nilikimbia jaani. Fungu lilikuwa juu ya maganda ya viazi na majivu, ukungu wa milimani umeshalilowesha. Kitambaa hakikuwepo. Nililikumbatia. Lilinuka vumbi, na kwa mbali kabisa mnanaa, kama sauti ya mtu aliye bonde la pili. Na mimi nilifikiri hivi: harufu ndiyo inayotoka kwanza. Bibi mwenyewe amesema majani yakipoteza harufu hubaki nyasi. Na ni kitu gani katika nyumba hii kinachotunza harufu mwaka mzima? Debe.

Debe lilikuwa limejazwa siku chache tu kabla. Nilibandua mfuniko, nikachimba katikati ya majani mapya makavu, nikalizika fungu la mama humo likiwa na unyevu wake, nikafunika, nikakalia mfuniko mpaka ukalia "tak".

Kwa wiki mbili hivi nilikuwa mtoto mwenye siri, na siri ile ilinila. Sikula vizuri. Nilikuwa mwepesi kutumwa kila mahali ili bibi asipate sababu ya kulisogelea debe. Kalisti aliniuliza kwa nini siku hizi ninafanya kazi kama punda wa misheni, nikamwambia nyamaza. Nilitaka kumuuliza kama mtu anaweza kufa Dakawa na sisi huku tusipate barua, lakini niliogopa angesema ndiyo kwa furaha.

Bibi alikuwa na desturi ya kukagua debe. Majani yakifungiwa hayajakauka sawasawa, bati hutoa jasho kwa ndani, na ukiwahi unaweza kuyatandaza tena ukayaokoa. Kwa kawaida alikagua siku ya tatu. Mwaka ule hakukagua, alikuwa na mawazo yake, na mimi nilikuwa mwepesi mno kusema, "Kaa, bibi, nitafanya mimi." Alikuja kulifungua asubuhi ya kwanza ya baridi kali, kifua kinamkoroma, sufuria ya maji imeshachemka. Kalisti alikuwepo, amekuja kuomba moto.

Mfuniko ulipotoka, ilitoka harufu ya kaburi. Sijui namna nyingine ya kuisema. Bibi alirudi nyuma, kisha akainama akaingiza mkono. Majani yaliyotakiwa kulia yakivunjwa yalikuwa laini kama nywele, meupe kwa ukungu kutoka juu mpaka chini. Alichimba, akalitoa fungu. Lilikuwa limegeuka kitu kimoja, jeusi, linavuja.

"Nini hiki?"

"Panya," alisema Kalisti.

"Panya hafungwi kwa uzi. Deo."

Nilikuwa nimeegemea ukuta. Nilitaka kusema polepole, maneno yakatoka yote kwa pamoja: kwamba nilimwona akitoka jaani, kwamba kitambaa hakipo, kwamba najua mama amekufa na sikutaka atupwe na maganda, kwamba nilimweka mahali ambapo harufu haitoki. Kalisti alianza kucheka, akaona uso wa bibi, akameza kicheko chake.

"Nani amekwambia amekufa?"

"Kitambaa kimetolewa."

Bibi alikaa chini palepale, kwenye sakafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya magoti. Alifungua pindo la kanga alipofungia vitu vyake. Alitoa rozari. Kwenye msalaba wake palikuwa pamefungwa kile kipande chekundu, kimechakaa kwa kushikwashikwa.

"Kilikuwa kimechafuka, nikakifua," alisema. "Kilipokauka sikuweza kukirudisha juu. Nikaona nikae nacho mpaka machipukizi yatoke. Sijapata barua, mume wangu. Wala mimi sijui."

Alikohoa muda mrefu. Kisha akachukua lile fungu jeusi akalishika mbele yangu.

"Na hili nimelitupa kwa sababu lina mwaka. Limekwisha nguvu. Ningekuwa najua haji, ningeliacha lining'inie. Mtu asiyekuja anakunywa nini? Bernadeta sikumtupia lake. Lilikaa juu mpaka likawa unga, likadondoka lenyewe. Anayetupiwa ni yule anayengojewa. Umeelewa?"

Nilisema ndiyo. Sikuwa nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba pale kwenye rozari kile kitambaa kilikuwa kinaogopa kama mimi.

"Bibi, si umchape?" aliuliza Kalisti, mwenye kupenda haki.

"Nikuchape wewe uliyemfundisha mambo ya misumari. Nenda kachukue moto wako."

Debe lililoshwa kwa maji ya moto na majivu, likaachwa juani siku tatu, na huko jua liliruhusiwa kuiba. Lakini ndani hakukuwa na cha kuweka. Matuta yalikuwa na machipukizi tu, yanayotosha debe au yanayotosha watoto, si vyote viwili. Nilimwomba bibi ajaze debe. Nililia hata. Kila alipokohoa chumbani nilihisi ni mkono wangu uliokuwa ndani ya kifua chake.

"Machipukizi ni ya watoto," alisema. "Mimi nitavuta mvuke wa maji matupu. Maji nayo ni dawa."

Safari hii kazi alinipa mimi. Nilikata, nikafunga, nikatundika, na ukungu ukashuka milimani ukakaa. Siku tano hatukuliona jua, na dirishani ulikuwa unaingia ule unyevu mweupe badala ya upepo. Nilimwambia bibi kwamba Urambo tungewasha moto. Akasema tuko Uluguru. Nilikuwa nikiamka, naenda kuvunja jani moja la fungu la mama karibu na sikio. Halikulia. Kesho yake halikulia. Nilihamisha mafungu kutoka ukuta huu kwenda ule, nikayageuza, nikayapepea kwa ungo mpaka mkono ukafa ganzi. Nilikuwa naogopa kulibana nikaliumiza na naogopa kuliacha likaoza. Siku ya ishirini na kitu, asubuhi, nilivunja jani likasema "tak", kama njiti ya kibiriti ikivunjwa. Nilirudia mara tatu kwenye mashina tofauti. Kisha nikamwita bibi, naye akafungua pindo la kanga, akafunga kitambaa chekundu mahali pake.

Alikohoa baridi ile yote. Sikuwahi kuambiwa tena kuhusu debe, na afadhali ningeambiwa.

Mama alikuja Jumapili, watu wakitoka misa, karibu miezi miwili baadaye. Niliiona kanga yake kabla ya kumwona yeye, na mgongoni kulikuwa na kitu kimefungwa. Nilidhani ni begi la pili, amekuja kukaa. Kisha begi likatoa mkono.

Bibi alisimama mlangoni. Mama alipiga goti na mzigo wake mgongoni, akasema, "Shikamoo, mama," kwa sauti ndogo kuliko yangu, naye bibi akazunguka kwanza kuutazama ule mzigo. Halafu akasema, "Marahaba. Ana miezi mingapi?"

"Miwili."

"Kumbe ndiyo unene wenyewe. Mtu unakaa Dakawa, hapo tu, unamwacha mzee anashika rozari mpaka inachubuka."

"Niliona aibu, mama."

"Aibu ndiyo ilikuzuia kuandika? Mlete huyo. Usimfunge hivyo, atapinda miguu."

Alimpokea mtoto, dada yangu, akamnusa kichwani, kama anavyonusa kila kitu. Mimi nilisimama pale nikiwa na mama mzima aliye hai ninayeweza kumgusa, na hofu haikutoka. Ilihama tu mahali. Kila usiku nilikuwa nikiomba aje. Sasa alikuwa amekuja, na kuja kwake maana yake nilikuwa naondoka.

Waliamua tuondoke Jumanne, kuna gari la kwenda Dakawa kutoka Msamvu saa nane. Mwanaume wa Dakawa alikuwa mtu mpole, mama alisema. Kulikuwa na shule. Asubuhi ya Jumanne bibi alishusha fungu la mama akampa, na mama akalinusa huku amefumba macho. Kitambaa kikabaki juu.

Kisha bibi akaniita ndani peke yangu. Mkononi alikuwa na msumari na jiwe.

"Panda kigoda. Mimi magoti hayanitumi."

"Nigongelee wapi?"

"Penye nafasi. Kwani boriti ya nani?"

Niligongelea kando ya ule wa mama. Sikuwahi kupiga msumari maishani mwangu. Ulipofika katikati ulipinda, nikaanza kuunyoosha kwa vidole, jasho linanitoka, nikihisi nimeharibu tena.

"Ngoja niutoe, bibi, niupige upya."

"Uache. Nitaujua kwamba ni wako."

Alichukua mkasi akakata mfuko wa shati langu la shule, uzi kwa uzi ili asitoboe shati, akaufunga kwenye ule msumari uliopinda. Haukuwa na fungu bado. Uling'ang'ania pale, mdogo na wa buluu, mwisho wa safu.

"Mwakani nisipokuja?" niliuliza.

"Nitalitupa, nitaweka jipya."

"Na mwaka mwingine?"

"Nitalitupa vilevile. Shuka, mama yako anangoja, na huyo mtoto ameanza kelele."

Nilimpa shikamoo ya kuagia, akaitikia akiwa ameshanigeuzia mgongo. Mama alitangulia na dada yangu, mimi nikafuata na begi. Njia nzima mkono wangu ulikuwa kifuani, mahali palipokuwa na mfuko, ukitafuta zile nyuzi zilizokatika. Kwenye kona ya migomba, ambapo nyumba huonekana kwa mara ya mwisho, niligeuka nikitegemea kumwona mlangoni. Hakuwepo mlangoni. Nilitega sikio, nikasikia kwa nyuma ya nyumba, upande wa matuta, mkasi unakata.